Nusu Wembe

Kinyozi wangu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, hana haraka. Kabla hajanigusa kidevu huchukua wembe mpya, ungali ndani ya karatasi yake, akauinua mbele ya macho yangu, kisha akaukunja katikati mpaka ukalia tak! Nusu moja huivisha kwenye mpini. Nusu ya pili huirudisha karatasini na kuilaza kando ya chupa ya spiriti, imsubiri atakayenifuata. "Umeona, mjomba?" huniuliza. Nami hujibu kwamba nimeona, maana ndiyo kanuni ya pale: asiyeshuhudia wembe ukivunjwa asije akalalamika baadaye.

Sikuwa nimeitilia maanani ile nusu mpaka rafiki yangu mmoja, mfanyakazi wa hoteli huko Utende, aliponipa zawadi. Mgeni aliyekuja kuogelea na papa potwe alimwachia wembe wa kizungu, mpya, haujafunguliwa: makali matano yamepangwa safu kama wanafunzi mstarini, na ndani ya mpini mna betri. Ukibonyeza kitufe, unatetemeka. Nikaunyolea wiki mbili, nikajiona mtu wa maana. Kichwa chake kilipochoka nikaanza kutafuta kingine. Duka la kwanza waliniambia hawauzi vifaa vya simu. La pili walinishauri nimsubiri mtu anayekwenda Dar. La tatu, mwenye duka, mama wa makamo, aliugeuzageuza mkononi, akanirudishia, kisha akaniwekea mezani wembe mmoja wa karatasi. Hakusema neno. Bei yake haikufika nusu ya soda.

Tangu siku ile nimekuwa nikipiga hesabu. Kule Boston, nyumbani kwa kampuni ya Gillette, makali katika mpini mmoja yalianza na moja, yakawa mawili, yakawa matatu, yakafika matano. Kilindoni tulianza na wembe mmoja tukashuka hadi nusu. Na videvu, vya kule na vya huku, vinang'aa sawasawa.

Tukitaka kuanza mwanzo, tuanze na wafanyabiashara, kwa kuwa wao ndio waliotangulia kuandika. Kile kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinataja bidhaa zilizoletwa kutoka bandari ya Muza huko Yemen hadi soko la Rhapta: mikuki, mashoka, visu vidogo, vyombo vya kutobolea ngozi. Wapo wataalamu wanaoiweka Rhapta kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya Mafia, na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameokota huko Rufiji shanga za kioo za zama za Warumi. Wapo pia wanaosema kisiwa cha Menouthias kinachotajwa humo ni hiki hiki chetu. Wengine wanakitaka kiwe Unguja au Pemba, na ubishi huo tuwaachie wenyewe. Kinachonichekesha mimi ni jambo jingine. Mwandishi anaeleza kwamba wafanyabiashara hao walibeba pia divai na ngano ambazo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kuwagawia wenyeji ili wapendwe. Karibu miaka 2,000 iliyopita, chuma chenye makali na zawadi ya bure juu yake! Kampuni zinazorusha fulana na kofia viwanjani leo hazijabuni kitu.

Wala wenyeji hawakuwa wamekaa mikono mitupu wakisubiri meli. Huko Kagera chuma kilikuwa kikiyeyushwa tangu karne kadhaa kabla ya hapo, na wahunzi wa Afrika Mashariki walifua nyembe zao wenyewe, kipande kidogo cha chuma chenye tumbo pana, kilichonolewa juu ya jiwe na kutunzwa kama mali. Wembe wa namna hiyo ulikaa nyumbani miaka mingi. Haukuwa na toleo jipya. Ulipopoteza makali, ulirudishwa kwenye kinoo.

Wakati huohuo Wamisri walikuwa wamekwisha kuzikwa na nyembe zao za shaba nyeusi kwa zaidi ya miaka elfu, na Herodotus alishangaa kuona makuhani wao wakinyoa mwili mzima kila baada ya siku mbili. Warumi walichelewa. Kwa maelezo ya Pliny, vinyozi wa kwanza waliletwa Roma kutoka Sicily yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Tuwapite haraka, safari bado.

Huku pwani wembe ulipata kazi ambayo watengeneza matangazo hawajaielewa hadi leo. Mtoto wa Mafia hukutana na wembe kabla hajakutana na bahari. Mama mjamzito anayejiandaa kujifungua huweka kwenye mkoba wake kanga, glavu, uzi na wembe mpya, kwa ajili ya kitovu. Siku ya saba, au ya arobaini kwa wanaongoja, huja akika: nywele za kichanga hunyolewa, na sunna ni kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wake. Baadaye mvulana hukutana na ngariba. Akijaliwa kwenda Hija, atanyolewa kichwa huko Mina. Na katikati ya hayo yote ipo sheria ya usafi ambayo kila aliyepita madrasa anaijua: kwapa na chini ya kitovu zisipite siku arobaini. Masharubu yapunguzwe. Ndevu ziachwe.

Rudia hapo mwisho. Ndevu ziachwe! Katika ramani yote ya mwili wa mwanamume wa pwani, sehemu ambayo wembe huenda kwa nadra zaidi, hasa akishakuwa mtu mzima, ndiyo hiyo inayoonyeshwa kwenye mabango: shavu lenye povu, taya kama pembe ya meza, na binti anayelipapasa kwa mshangao. Watu wa masoko wametumia mabilioni kutuuzia njia ya kufika mahali ambako hatuendi. Huko tunakokwenda kamera haziingii.

Bado sijataja penseli. Ni nani kati yetu aliyesoma shule ya msingi bila kuchongea penseli kwa nusu wembe, na kovu kwenye kidole cha shahada likiwa cheti chake? Fundi cherehani hufumulia mshono kwa wembe. Mganga huchanjia chale. Bibi hukatia kucha. Wembe wa makali matano uliofungwa ndani ya plastiki hauwezi hata moja ya kazi hizi, na ndiyo maana yule mama wa duka la tatu aliutazama kwa huruma. Methali zetu zenyewe zinaujua wembe wa kweli: mtoto akiulilia apewe, mwenzako akinyolewa zako zitie maji, kinyozi hajinyoi. Sikumbuki hata moja inayohusu ulaini wa shavu.

Sasa tumlete mtu mwenyewe. King Camp Gillette alizaliwa mwaka 1855 huko Wisconsin, Marekani, na kazi yake ilikuwa kuzunguka akiuza vizibo vya chupa, vile vile vya bati vinavyofunga soda mpaka leo. Mvumbuzi wa vizibo hivyo, William Painter, alimpa ushauri: buni kitu ambacho mtu atakitumia mara moja, atakitupa, na atarudi kununua kingine. Mwaka 1894 Gillette alikuwa amechapisha kitabu, The Human Drift, akilaani ushindani wa kibiashara kwamba ni upotevu wa nguvu za wanadamu, na kupendekeza watu waishi katika jiji moja kubwa lenye kuendeshwa kwa nguvu ya maporomoko ya Niagara, na uzalishaji wote uwe chini ya kampuni moja. Mjamaa kabla ya Azimio la Arusha, unaweza kusema. Mwaka uliofuata, akijinyoa asubuhi na wembe wake umekuwa butu, akapata wazo la bati jembamba la chuma lenye makali pande mbili, la kutupwa.

Hakuwa wa kwanza kufikiria usalama wa shingo. Mfaransa Jean-Jacques Perret alikwisha kuvisha wembe kinga ya mbao katika karne ya 18, na ndugu wa ukoo wa Kampfe walikuwa wakiuza wembe wenye kinga New York tangu miaka ya 1880. Jipya la Gillette lilikuwa kutupa. Mafundi walimwambia chuma chembamba kiasi hicho hakinoleki. Mhandisi William Nickerson, aliyesoma MIT, akakinoa. Kampuni ikaundwa mwaka 1901. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, iliuza mipini 51 na nyembe 168. Mwaka 1904 mipini ilipita 90,000. Picha ya mwenyewe ikachapishwa kwenye karatasi ya kila wembe, ikasambaa dunia nzima, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asite kidogo, kwa sababu mtu yule aliyewafundisha wanaume wa dunia kunyoa kila asubuhi alikuwa na masharubu ya kutosha kufagilia ukumbi.

Masharubu yanaturudisha Mafia. Wajerumani, waliokuwa na makao yao Chole kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, walikuta vita vikiwafuata baharini: meli yao ya kivita Königsberg ilijificha kwenye matawi ya Rufiji, na Waingereza wakaihitaji Mafia ili waikamate. Januari 1915 waliteremka kisiwani pamoja na askari wa King's African Rifles. Ndege zilizoongoza mizinga ziliruka kutoka hapa, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Sasa, maofisa wa jeshi la nchi kavu waliokanyaga mchanga wetu Januari ile walikuwa chini ya kanuni iliyokataza kunyoa mdomo wa juu. Ilikuwa amri ya mfalme, haikuwa mtindo. Amri hiyo ilifutwa Oktoba 1916. Kwa hiyo watu walioteka kisiwa chetu walikuwa na wembe mfukoni na sheria puani. Wamarekani walipoingia vitani walikwenda upande wa pili: jeshi lao lilichukua kwa Gillette mipini milioni 3.5 na nyembe milioni 32. Vijana hao waliporudi makwao walirudi na tabia ya kujinyoa wenyewe, na vinyozi wengi wa Marekani wakaanza kupiga miayo.

Husemwa kwamba Gillette aligawa mipini bure ili auze nyembe. Ni hadithi tamu ya darasani, ila haiendani na bei zake. Wakati hataza zake zilipokuwa zikimlinda aliuza mpini kwa dola 5, pesa nyingi kwa kibarua wa zama hizo. Hataza zilipokwisha mwaka 1921 na kila mtu akawa huru kuiga, kampuni ilifanya jambo la werevu zaidi: wembe uleule wa zamani ikaushusha hadi dola 1, na mwingine uliorekebishwa kidogo ikaupa jina la mpya na bora, kwa dola 5 zilezile. Mpya na bora! Miaka mia moja na ushei, na bado tunanyolewa kwa maneno hayohayo, bila maji.

Nitakuwa mwadilifu. Baada ya hapo kilitokea kitu kimoja cha kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wilkinson Sword ya Uingereza, waliokuwa mafundi wa mapanga, walileta wembe wa chuma kisichoshika kutu. Mtu wa bara anaweza asione uzito wake. Mtu wa kisiwani, ambaye upepo wa chumvi humlia bawaba za mlango, jiko na mabati, anaelewa mara moja. Wembe wa zamani ulioulaza dirishani jioni uliamka mwekundu. Gillette walishtukizwa, wakaja na wao wa aina hiyo mwaka 1963. Kwa maoni yangu historia ya wembe kama chombo ingeweza kuishia hapo, na iliyobaki ni historia ya maneno.

Maneno hayo yalianza kujihesabu mwaka 1971. Trac II ya Gillette ilikuja na makali mawili, na maelezo yake yalikuwa matamu: la kwanza linauvuta unywele, la pili linaukata kabla haujarudi ndani. Tarehe 11 Oktoba 1975, katika kipindi cha kwanza kabisa cha Saturday Night Live, wachekeshaji wa New York waliigiza tangazo la wembe wa makali matatu, wakimwambia mtazamaji waziwazi kwamba anauziwa kwa kuwa yuko tayari kuamini chochote. Watu walicheka. Mwaka 1998 Gillette wakautoa, wakauita Mach3, baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 700. Mwaka 2003 washindani wao Schick wakaja na Quattro yenye makali manne, na Gillette wakakimbilia mahakamani. Mwaka 2004 gazeti la utani The Onion likaandika makala ya kubuni yenye matusi mengi, mkuu wa Gillette akiapa kwenda hadi matano. Mwaka 2005 Gillette, wakati huo wakiuzwa kwa Procter & Gamble kwa dola bilioni 57, wakatangaza Fusion. Makali matano, na la sita mgongoni.

Hebu fikiria taabu ya mchekeshaji katika nchi ambayo mzaha wake unakuwa bidhaa. The Economist nao mwaka 2006 walichora grafu ya makali kwa miaka, wakaona kwamba kwa mstari mmoja tungefika makali 14 mwaka 2100, na kwa mstari mwingine yangekuwa hayana idadi ifikapo 2015. Dorco wa Korea walijitahidi, wakafika sita, kisha saba. Kwa kuwa kuongeza makali kuna mwisho wake, wengine wakaongeza betri. Wembe wa M3Power wa mwaka 2004 ulidaiwa kuusimamisha unywele kwa mtetemo, kama kuruta aliyeitiwa mguu sawa. Washindani wakashtaki, na mwaka 2005 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Connecticut akaona madai hayo hayana msingi. Nywele hazikusimama. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka zile wiki mbili zangu za kutetemeka mbele ya kioo. Halafu mwaka 2019 ukaja wembe unaopashwa moto, wa dola 200. Hapa Mafia, mwezi wa Februari, kila wembe unapashwa moto.

Ningeishia kwenye kicheko kama si vipele. Nywele zetu wengi zimejikunja. Ukizivuta ukazikata chini ya usawa wa ngozi, zinapoota hupinda, zikachoma ngozi kutoka ndani, na kidevu kikaota vipele ambavyo kila kijana wa Kiafrika anavijua. Ile sifa kuu ya makali mawili, ya kuuvuta unywele na kuukata kabla haujarudi, ndiyo hasa njia ya kuvipanda. Kwa miaka mingi madaktari wa ngozi wamekuwa wakiwashauri watu wenye nywele za namna hii watumie wembe wa makali mamoja, au mashine, na wasing'ang'anie ulaini wa yai. Kumbe kila makali yaliyoongezwa kwa ajili ya shavu la Boston yalikuwa yakiongezwa dhidi ya shavu la Baleni, hapa kisiwani. Sidhani kama kulikuwa na ubaya wa makusudi. Ni kwamba hakuna aliyekuwa chumbani wa kuuliza.

Kuuliza, hata hivyo, kuna utaalamu wake. Kampuni hiyohiyo ya Gillette ilipotaka soko la India ilibuni wembe wenye kijiti cha kusukuma nywele zilizoziba, ikaujaribu kwa wanafunzi wa Kihindi wa MIT, jirani kabisa na ofisi zake. Wanafunzi wakausifu. Ulipofika India ukawashinda watu, kwani wanafunzi wale walinyoa penye bomba la maji yanayotiririka, na wanaume wengi wa India hunyoa na kikombe kimoja cha maji. Safari hii watu wa kampuni wakapanda ndege, wakaenda kukaa majumbani mwa watu, wakatazama. Mwaka 2010 wakatoa Gillette Guard: rupia 15, kichwa cha kubadilisha rupia 5. Makali yake? Moja. Fedha zote zile na viza zile, ili kugundua kopo la maji.

Na unywele wenyewe haujasalimu amri. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo cha Nickerson, waliweka nywele na wembe chini ya hadubini yenye nguvu, wakaona unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma, ukimegua kingo za wembe vipande vidogo. Tunanyoana, ndiyo maelezo yake.

Ile nusu, basi, ilitoka wapi? Haikutoka kwenye maabara. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata kila zahanati, kila redio na kila ukuta wa shule ulionya juu ya kuchangia nyembe. Kinyozi wa chini ya mwembe, aliyekuwa akinoa wembe mmoja kwa vichwa vya mtaa mzima, alipoteza wateja. Wengine walikuja na wembe wao mfukoni. Mashine ya umeme ikachukua vichwa. Lakini kuchonga ndevu, kupiga mstari wa panja na kusafisha shingo mashine haikumaliza, kwa hiyo fundi akabaki na tatizo: kila mteja anataka wembe mpya, na mpini wa kisasa wa kinyozi unabeba upande mmoja tu wa makali. Wembe una pande mbili. Uvunje. Gharama inagawanyika kwa watu wawili, kila mmoja anapata makali yasiyoguswa, na ule mlio wa tak! ndio tangazo pekee katika historia hii nzima ambalo mnunuzi anaweza kulihakiki kwa macho yake.

Mara ya mwisho nilipoinuka kwenye kile kiti, aliyenifuata alikuwa mzee wa Jibondo, amekuja mjini na mashua kwa shughuli zake, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Kinyozi akamwamkia, akaitikiwa, akauliza aanzie wapi. Mzee akavua kofia, akagusa utosi. "Ndevu usizisogelee," akasema. Kinyozi akakichukua kile kikaratasi kando ya chupa ya spiriti, akakifungua taratibu.

"Mzee wangu, nusu hii nimeivunja sasa hivi mbele ya huyu bwana."

Mzee akanigeukia, akanitazama kwa muda. "Uliona?"

"Niliona, mzee."

Akainamisha kichwa.